Kioo cha mbele kinachotaja mahali: maana ya uhalisia ulioongezewa ndani ya gari

Mtu akikuambia kioo cha mbele cha gari lake kina "uhalisia ulioongezewa", muulize jambo moja: gari likikata kona, maandishi yanayoonekana kwenye kioo hicho yanakwenda wapi? Akisema yanabaki pale pale juu ya usukani, alicho nacho ni onyesho la kawaida la kioo, yaani tarakimu na alama zinazorushwa kwenye kioo, kitu kizuri lakini cha zamani. Akisema yanateleza kwenye kioo na kuendelea kulishikilia jengo lile lile huko nje mpaka gari lilipite, basi kioo chake kinastahili jina hilo.

Uhalisia pepe humfunika mtu macho ukampa dunia nyingine. Huu ulioongezewa humwachia dunia hii hii, ila hubandika maelezo juu yake: jina la hospitali, mshale wa njia, umbali wa kituo cha kuchaji. (Wengine huuita "uhalisia ulioboreshwa". Mimi sina hakika kwamba kila kinachoongezwa kinaboresha, kwa hiyo nabaki na kuongezewa.) Jina la dhana hii lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye kazi ya Tom Caudell huko Boeing, alipokuwa akitafuta kifaa cha kuvaa kichwani cha kuwaonyesha mafundi jinsi ya kupanga nyaya za ndege.

Onyesho la kioo lenyewe ni la zamani zaidi. Lilianzia kwenye ndege za kivita, ambako rubani hakuwa na nafasi ya kuinama kusoma mita. Mwaka 1988 General Motors iliingiza teknolojia hiyo barabarani kupitia Oldsmobile Cutlass Supreme, na dereva akaweza kuona mwendo wake bila kushusha macho. Mwaka 2020 Mercedes-Benz S-Class na Volkswagen ID.3 zilikuja na mishale inayoonekana kama imelala juu ya lami, mita 10 hivi mbele ya gari.

Hiyo picha iliyoko mita 10 mbele haipo popote. Ndani ya dashibodi kuna projekta. Mwanga wake hupita kwenye vioo vilivyopinda, hugonga kioo cha mbele, kisha huruka kuelekea machoni mwa dereva. Vioo hivyo huupinda mwanga kwa namna inayolidanganya jicho liamini kwamba unatoka mbali. Kuna kero ndogo ya kiufundi ninayoipenda hapa: kioo cha mbele ni matabaka mawili ya kioo yenye utando wa plastiki katikati, na mwanga huakisiwa na uso wa ndani na wa nje pia, hivyo kila herufi huonekana mara mbili. Dawa yake ni kuufanya ule utando uwe mnene kidogo upande wa juu kuliko chini, kama kabari, ili picha mbili zilaliane.

Kazi ngumu zaidi ni kulifanya jina lishikamane na mahali pake. Kompyuta ya gari lazima ijue mambo matatu kwa wakati mmoja: gari liko wapi, limeelekea wapi, na macho ya dereva yako wapi. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na hizo zinatosha kukuhamishia barabara ya pembeni. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, jina la jengo lililo mita 100 mbele litahama kwa karibu mita 1.7. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limeshasogea karibu mita 3. Ndiyo maana GPS pekee haitoshi. Kamera na vihisi vinavyopima jinsi gari linavyogeuka husaidia kusahihisha.

Halafu kuna ramani. Kwenye hifadhidata, duka ni nukta yenye jina, na mara nyingi nukta hiyo iko katikati ya paa wakati mlango uko mtaa wa pili. Ramani bapa haijui pia kwamba kuna ghorofa mbele ya duka hilo. Matokeo yake unaona jina limebandikwa kwenye ukuta wa jengo lisilohusika kabisa.

Na abiria je? Kwenye kioo cha mbele, hapati kitu. Picha ile imepangwa kwa macho yaliyo kwenye kiti cha dereva. Ukihama kiti, jina linaachana na jengo lake, au huoni chochote. Kwa sababu hiyo baadhi ya wabunifu waligeukia vioo vya madirisha ya pembeni. Mwaka 2011 Toyota na taasisi ya ubunifu ya Copenhagen walionyesha wazo la dirisha la kugusa kwenye kiti cha nyuma: mtoto anakigusa kitu anachokiona nje, na dirisha linamwandikia jina lake kwa lugha nyingine. Lilikuwa wazo la maonyesho, lakini abiria ana kitu ambacho dereva hana, yaani muda wa kusoma.

Dereva hana muda huo, na macho yake yanaweza kuelekea barabarani bila kuiona. Katika jaribio la NASA la mwaka 1980, marubani walitua kwenye mashine ya kuigiza urukaji wakitumia onyesho la kioo. Baadhi yao hawakuiona ndege nyingine iliyowekwa makusudi kwenye njia ya kutua, ingawa ilikuwa mbele ya macho yao, nyuma ya tarakimu walizokuwa wakizisoma. Kwa hiyo mfumo ninaouamini ni ule bahili wa maneno. Unataja kituo cha mafuta tanki likikaribia kuisha, unafuta majina yote gari likifika kwenye makutano au kivuko cha watembea kwa miguu, na historia ya jengo la makumbusho unaiweka kwenye skrini ya dashibodi mpaka gari lisimame.