"Mwanangu Aliweka Kidole Tu": Mnayoyaamini Kuhusu Magenge, Ugaidi na Makosa ya Kisiasa

Jumanne iliyopita kaja ofisini mama mmoja wa Kibaigwa, kapanda basi la alfajiri, vumbi bado liko kwenye kitenge, na kwenye pindo la kanga kafunga kopi ya kitambulisho cha NIDA cha kijana wake wa miaka 22. Hata sijamaliza shikamoo akaanza, "Marahaba mwanangu, nisaidie, mtoto wangu sio jambazi, hao watu wa magenge hata hawajui, yeye aliweka kidole tu."

Hilo "tu" ndo limenikalisha chini niandike, maana nimelisikia mpaka basi. Aliweka kidole kusajili laini ya simu tu. Alitoa akaunti yake ya benki tu. Alikodisha stoo tu. Alibeba begi tu kutoka Singida. Nafanya uwakili hapa Dodoma na jioni nafundisha makosa ya jinai, na nikikaa na wateja kumi wenye kesi za aina hii, tisa wanaanza na sentensi ileile, mi simjui bosi wao, kwa hiyo mi sio wa genge.

Kijana wa huyu mama alisajili laini tatu kwa alama zake za vidole, akampa jamaa aliyekutana naye soko la mahindi, elfu kumi kila laini. Laini zikaenda kutumika kwenye zile meseji mnazozijua, "ile hela itume kwenye namba hii". Mzee mmoja alikuwa anasubiri namba ya kutuma ada ya mjukuu, meseji ikaingia saa ileile, akatuma. Polisi wakianza kufuatilia wanaanza na jina lililosajili laini, wataanza na nini kingine?

Sasa hii picha ya kwamba genge ni kama kampuni, juu kuna bosi mkubwa, chini yake wasaidizi, chini kabisa askari wake, ina historia. Marekani mwaka 1950 na 1951 kamati ya Seneta Kefauver ilizunguka miji ikihoji watu kuhusu magenge na televisheni ikaonyesha, halafu 1963 Joseph Valachi, aliyekuwa mwanachama wa mafia, akaenda mbele ya Seneti akaeleza vyeo vyote, na 1969 mtaalamu wa elimu ya uhalifu, Donald Cressey, akaliandika hilo kama shirika lenye ngazi zake. Ikaingia kwenye sinema, ikaja mpaka kwenye vibanda vyetu vya video, na leo mtu wa Nkuhungu hapa Dodoma akisikia genge anawaza suti na sigara kubwa.

Lakini watafiti waliokuja baadaye hawakuikuta hiyo kampuni. Peter Reuter alichunguza kamari haramu na mikopo ya riba za kuumiza mjini New York, akachapisha 1983, na alichokuta ni vikundi vidogo vidogo, vinavunjika vinaungana, vinagombania wateja, hakuna mtu mmoja anayevishika vyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Palermo wa mwaka 2000, unaohusu uhalifu wa magenge, nao haukudai bosi. Unasema watu watatu au zaidi, kundi limedumu kwa muda fulani, wanafanya kwa pamoja makosa makubwa ili wapate fedha au faida nyingine, na umesema wazi kabisa kwamba sio lazima kila mtu awe na cheo maalum wala kundi liwe na muundo uliokamilika.

Ndo maana namwambia mteja, kutomjua bosi hakukutoi kwenye genge. Hivyo ndivyo wanavyopanga kazi yao! Anayesajili laini hamjui anayeandika meseji, anayeandika meseji hamjui mwenye akaunti, mwenye akaunti hamjui anayekuja kutoa hela kwa wakala, na ukikamatwa wewe mnyororo unakatika hapo hapo, wenzako wanatafuta kidole kingine kesho asubuhi. Wewe ndo uliyewekwa mbele kwa sababu hujui chochote.

Na hapa kwetu sheria iko hivyo pia. Kesi za genge zinaingia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, na neno hilo wazee wanalikumbuka toka ule msako wa 1983 enzi za waziri mkuu Sokoine, wakati walanguzi na waliokuwa wanaficha sukari na sabuni walikamatwa, kwa hiyo mpaka leo watu wanadhani ni kesi ya vigogo. Sheria tunayotumia ni ya 1984, imerekebishwa mara kadhaa, na ndani yake kuna kosa linaitwa kuongoza genge la uhalifu. Mteja akisomewa hilo anashtuka, "mi niongoze genge gani wakili, nyumba yenyewe napanga chumba kimoja?" Soma maelezo ya kosa lenyewe ndugu yangu, hayaishii kwa anayepanga na anayefadhili, yamo pia kutoa ushauri au msaada wa kuendesha shughuli za genge kwa nia ya kuliendeleza. Ukija kwenye sheria ya utakatishaji fedha ya 2006 ndo kabisa, haisemi tu "alijua", inasema pia alipaswa kujua.

Sisemi kwamba kila aliyetoa laini ana hatia. Nia inathibitishwa, na kazi yangu ni kuibishia. Ila mahakama haifungui kifua chako ione ulichowaza, inaangalia mazingira. Ulilipwa hela kwa kazi isiyo kazi, uliambiwa usimwambie mtu, hela iliingia kwenye akaunti yako na saa hiyohiyo ukaitoa ukakata chako ukampa mtu usiyemjua hata jina la pili, halafu uniambie hukushtuka? Nisaidie na mimi nikamwelezeje hakimu.

Kinachonichosha zaidi ni pacha wa dhana hii, "mkamateni bosi haya mambo yataisha". Pablo Escobar, bosi wa kokeini, aliuawa Medellín Desemba 1993 na kokeini haikuisha Colombia, wengine walipokea. El Chapo, bosi wa dawa za kulevya wa Mexico, alihukumiwa kifungo cha maisha Marekani Julai 2019, biashara haijafungwa. Soko la wanunuzi lipo na vidole vya kukodi vipo, nafasi ya bosi haikai wazi. Kibaigwa hatuna Escobar, tuna vijana wanaouza kidole kwa elfu kumi, na hapo ndo pa kuanzia.

Dhana zingine za uongo nazipitia haraka.

Eti haya ni mambo ya Dar na pwani. Desemba 2023 mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Iringa! Ukipita Mtera unafika mapema tu. Mzigo unatafuta barabara na stoo tulivu, na sisi huku katikati ya nchi barabara zote zinapita kwetu.

Eti mhalifu mkubwa unamjua kwa sura. Yule mama wa Kichina aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo, aliyehukumiwa miaka 15 mahakama ya Kisutu, Dar, Februari 2019 pamoja na Watanzania wawili, alikuwa na mgahawa mjini, anaongea Kiswahili vizuri, mara ya kwanza alikuja nchini enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA akiwa mkalimani.

Eti usafirishaji haramu wa binadamu ni watu kufungiwa kwenye kontena. Binti wa miaka 14 anachukuliwa kijijini na mtu anayeitwa shangazi, anaahidiwa shule, anaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara na simu kanyang'anywa, hilo ndo lenyewe, kuna sheria yake toka 2008. Na msiniambie alikubali mwenyewe. Kwa mtoto kukubali hakuhesabiki.

Kuhusu ugaidi nasikia mawili, ni dini fulani na ni vichaa. Sisi tulipigwa Agosti 7, 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani Dar watu 11 wakafa, Nairobi zaidi ya 200, kwa hiyo naelewa hasira inatoka wapi. Ila Norway Julai 2011 aliyeua watu 77 alikuwa Mnorwei mwenye chuki na Waislamu. Rajiv Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, aliuawa 1991 na mwanamke aliyejilipua wa Tamil Tigers, kundi la Sri Lanka lililokuwa linapigania ardhi, sio dini. Na suala la ukichaa, mtafiti wa ugaidi Martha Crenshaw aliandika toka 1981 kwamba kilicho wazi kwa hawa watu ni ukawaida wao. Ukimtafuta kichaa, anayeandaliwa na wenzake taratibu atakupita pembeni.

Na la mwisho, kosa la kisiasa sio lazima liwe la raia dhidi ya serikali. Kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, inahesabu pia anayoyafanya mwenye madaraka kwa kutumia madaraka. Arusha hapo, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda. Alikuwa na ofisi na muhuri na polisi chini yake, na watu walimkimbilia wakidhani atawalinda.

Turudi kwa yule mama. Kabla hajaondoka nikampa dawa ninayompa kila mteja hata aliyekuja kwa kesi ya kiwanja, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, fanya hivyo kila mwezi, meseji ya utapeli itume 15040, na msajili wa mtaani akikwambia kidole hakijasoma rudia tena, ondoka, kasajili dukani. Akanipa kisimu chake cha batani nimsaidie kubonyeza. Mama ana laini moja tu maisha yake yote. Zilitokea mbili. Akakumbuka kijana wa mwamvuli pale gulioni aliyemrudishisha kidole mara tatu. Nikafunga ofisi tukaenda wote duka la mtandao kuifuta ile ya pili kabla hawajafunga, kesi ya mwanae tutaendelea nayo Alhamisi.