"OK": herufi mbili zilizoanza kama mzaha

Ukimuuliza mtu chakula ulichopika kilikuwaje akakujibu "OK", usijipongeze. Hajakusifia, amesema tu kwamba kililika. Lakini mtu huyohuyo ukimwambia "tuonane kesho saa nne", akajibu "OK", basi mmemalizana: amekubali. Neno ni lilelile, ila la kwanza limemjibu aliyetaka sifa na la pili limemjibu aliyetaka jibu tu.

OK hupitisha jambo bila kulipatia alama. Kwa Kiswahili jirani yake wa karibu ni "sawa", hasa ile "sawa tu" inayosemwa bila shauku. Kwa Kiingereza linaweza pia kuwa kitenzi, yaani kuidhinisha, au nomino, kama tunaposema tunasubiri OK ya bosi. Halafu kuna OK isiyojibu chochote: mwalimu anaingia darasani, anafuta ubao, anageuka na kusema "OK…" Hakuna aliyemuuliza kitu. Hiyo itafsiri "haya" na utakuwa umepatia kabisa.

Kuandika OK, O.K. au "okay" ni hiari yako. Waswahili wengi huandika okei au oke. Kwenye simu wapo wanaotuma K peke yake, na anayeipokea hubaki akijiuliza amekosa nini.

Asili yake ni utani wa magazetini. Mwishoni mwa miaka ya 1830, wahariri wa Boston, Marekani, walipenda mchezo wa kuharibu tahajia makusudi kisha kufupisha walichoharibu. "All right" waliigeuza "oll wright", ikawa O.W. "All correct", yaani yote sahihi, ikawa "oll korrect", kifupi chake o.k. Gazeti la Boston Morning Post lililichapisha tarehe 23 Machi 1839 pamoja na maana yake. Utamu wa mzaha uko hapo: kifupi kinachotangaza kwamba yote ni sahihi, na herufi zake zote mbili zimekosewa.

O.W. ilijifia. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea muhula wa pili, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, wafuasi wake walimpa jina la "Old Kinderhook" na kuanzisha klabu ya O.K. Wapinzani wakalidaka: wakaeneza kwamba herufi hizo zilitoka kwa Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, ambaye eti hakujua tahajia. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison, lakini kelele za kampeni zilikwisha kulisambaza neno. Baadaye waendesha telegrafu walilipenda kwa ufupi wake, wakalitumia kuthibitisha kuwa ujumbe umefika.

Aliyeifukua habari hii ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala za 1963 na 1964. Kabla yake kila mtu alikuwa na hadithi yake. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" akiamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Wengine walitaja Kigiriki, "ola kala", yaani yote ni mazuri. Wapo waliolitafuta katika Kiwolof cha Afrika Magharibi, na nakiri hiyo ningependa iwe kweli. Lakini maneno kufanana kwa sauti hakuyafanyi kuwa ndugu, na karatasi zilizopo zinaelekeza Boston.

Matumizi mawili huwachanganya wanaojifunza. Ukiomba radhi ukaambiwa "it's OK", maana yake ni usijali. Aliyejikwaa akiulizwa "are you OK?", anaulizwa kama ameumia.

Na ipo ile ya kwenye kompyuta. Kisanduku kinatokea katikati ya kioo: faili halikuhifadhiwa, hitilafu imetokea. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, kimeandikwa OK. Hakuna kilicho sawa hapo, na unabonyeza.