Pasipoti Hailipi Bili ya Hospitali

Mjini Malindi kuna kauli isemwayo kwa yakini kubwa na watu wa kila aina, kuanzia madereva wa tuktuk hadi watunza nyumba wa Casuarina na hata baadhi ya makarani wa hospitali, kwamba Mtaliano akiugua hana la kuhofia kwa kuwa serikali ya kwao itamlipia. Kauli hiyo imerudiwa mno mpaka Wataliano wenyewe, hasa wazee waliohamia hapa baada ya kustaafu, wameanza kuiamini, na hapo ndipo inapowaingiza watu katika hasara. Kosa lake ni la kuchanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha kabisa, yaani uraia na ukaazi.

Uraia ni fungamano la mtu na dola, na ushahidi wake ni pasipoti. Ukaazi ni hali ya mtu kuhesabiwa na sheria kuwa maisha yake yako mahali fulani, ambako ameandikishwa na ambako anarudi akimaliza safari zake. Mtu aweza kuwa raia wa nchi moja na mkaazi wa nchi nyingine, na katika nchi nyingi za Ulaya zenye huduma ya afya ya umma, haki ya kutibiwa kwa gharama ya umma hufuata ukaazi. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Matata yako katika matumizi.

Italia ndiyo nchi inayotuhusu zaidi, kwa kuwa Wataliano wamekuwa jirani zetu tangu enzi za kituo chao cha anga cha San Marco kule Ngomeni, ambako satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Huduma ya taifa ya afya ya Italia iliundwa kwa sheria namba 833 ya Desemba 1978, na mtu huandikishwa ndani yake kulingana na manispaa anamoishi. Akishaandikishwa ndipo anapopangiwa daktari wa familia na kupewa kadi. Wengi husahau kuwa ipo sheria nyingine, namba 470 ya mwaka 1988, inayomtaka raia wa Italia anayehamia nchi ya nje kwa zaidi ya miezi 12 ajiandikishe, ndani ya siku 90 tangu kuhama, katika daftari la Wataliano waishio nje, lijulikanalo kwa kifupi kuwa AIRE. Akishajiandikisha, jina lake hutolewa katika daftari la wakaazi wa manispaa yake ya zamani, na daktari wa familia naye huondoka pamoja na jina hilo. Kinachombakia anapokwenda kuwatembelea wanawe kule Italia ni matibabu ya dharura ya hospitali kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka, tena iwapo alizaliwa huko au anapokea pensheni ya huko, na iwapo hana bima nyingine ya kumlipia.

Kwa maneno mengine, yule bwana aliyejenga nyumba ya makuti karibu na Silversands, anayeijua Malindi kuliko vijana wengi waliozaliwa hapa, ni mpita njia mbele ya hospitali ya mji aliozaliwa. Halipiwi akitibiwa Kenya, na hata akirudi kwao haki aliyokuwa nayo imekatwa ikabaki kipande. Wapo wanaolikwepa daftari hilo kwa makusudi ili wasimpoteze daktari wao, na kwa ajili yao Italia ilipitisha katika sheria ya bajeti ya mwaka 2024 faini ya kati ya yuro 200 na 1,000 kwa kila mwaka wa kutojiandikisha, isiyozidi miaka mitano. Sina haja ya kuwahukumu. Ninachosema ni kuwa hata aliyefaulu kubaki na kadi yake mfukoni hajapata kitu cha kumsaidia huku Pwani.

Kadi yenyewe nimeiona ikiwekwa kwenye dirisha la malipo la hospitali. Ni ya plastiki. Upande mmoja una namba ya kodi ya mwenyewe, na upande wa pili una nyota za Umoja wa Ulaya, na ni nyota hizo zinazowapa watu imani. Upande huo humwezesha mwenye kadi kutibiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zake wachache, na Kenya haimo, wala haina mkataba na Italia wa kulipiana gharama za wagonjwa. Siku hiyo mgonjwa alikuwa ameketi kwenye benchi akitweta, na mtunza nyumba wake ndiye aliyekuwa akizungumza.

"Dada, huyu mzee ni Mtaliano, mbona mwataka dipoziti kama kwamba hana serikali?"

"Utaliano wake siukatai, kaka. Mimi naulizia bima yake iko wapi."

Keshia yule, kwa maneno machache, alikuwa ameitenga dhana niliyochukua aya tatu kuieleza.

Uingereza nayo hufuata mkondo huo huo ingawa haina daftari la kumtoa mtu. Huduma yake ya taifa ya afya, iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, ni ya wale wanaohesabiwa kuwa wakaazi wa kawaida wa nchi hiyo, na kuwa na pasipoti ya Uingereza, au kuwa mtu alilipa kodi huko miaka thelathini, hakumfanyi kuwa mkaazi. Mwingereza aliyehamia Shela na kufanya Lamu kuwa makao yake, kisha akapanda ndege kwenda London kubadilishwa nyonga, aweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ambayo huduma hiyo huikadiria kwa upasuaji huo. Huduma ya chumba cha dharura haitozwi, lakini akishalazwa wodini hesabu huanza. Hata hivyo, mtu huyo huyo akiamua kufunga virago vyake Shela na kurudi Uingereza kuishi, haki yake humrejea tangu siku anayofika. Naitaja hali hii kwa sababu inaonyesha wazi kuwa hapana adhabu kwa aliyehama. Kinachoangaliwa ni wapi anaishi sasa.

Wamarekani wana utaratibu wao, na nitaupita haraka. Medicare, bima ya serikali ya wazee iliyoundwa mwaka 1965, kwa kawaida hailipii matibabu yaliyofanywa nje ya Marekani isipokuwa katika hali chache mno, na mstaafu aishiye Lamu aweza kuwa anaendelea kuichangia kila mwezi huku haimfai kitu mpaka arudi.

Sasa ugeuzwe upande wa pili, maana ni upande huu unaowashangaza zaidi watu ninaozungumza nao. Kijana wa Malindi aliyekwenda Italia, akapata kibali halali cha kuishi huko kwa sababu ya kazi au ya familia, huandikishwa katika huduma ya afya ya Italia kwa lazima, hupangiwa daktari wa familia, na hutibiwa kwa masharti yale yale ya raia, ukiwamo mchango wa mgonjwa usiozidi yuro 36.15 kwa kila cheti cha daktari bingwa. Pasipoti yake ni ya Kenya. Katika familia moja basi, mume Mtaliano aishiye Malindi aweza kukosa daktari Italia, na shemeji yake Mgiriama aishiye Brescia akawa naye. Lakini mama wa kijana huyo, akiwa amezidi umri wa miaka 65 na kuitwa na mwanawe akaishi naye, haingizwi kwa lazima wala bila malipo. Atakatiwa bima, au ataandikishwa kwa hiari kwa ada ambayo tangu mwaka 2024 haipungui yuro 2,000 kwa mwaka kwa mtu kama yeye. Anayepanga kumchukua mamake na alijue hilo kabla hajanunua tiketi.

Kosa la pili, ambalo ni mtoto wa hilo la kwanza, ni kuiita bima ya safari kuwa bima ya afya. Kila anayeomba viza ya Schengen, yaani ya kuzuru nchi nyingi za Ulaya, huambiwa alete bima ya matibabu ya yuro zisizopungua 30,000, inayolipia dharura, kulazwa kwa ghafla, na kurejeshwa nyumbani akiwa mgonjwa au maiti. Vijana wetu hurudi na karatasi hiyo wakisema kwa furaha kuwa sasa wana bima ya afya. Hawana. Karatasi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vidonge vya presha vya kila mwezi, wala kliniki ya mja mzito, wala kisukari mtu alichotoka nacho nyumbani. Na wageni waishio hapa hufanya kosa hilo hilo kwa kinyume chake: huenda Milano mara moja kwa mwaka, hununua bima ya safari kwa bei nafuu, na kurudi nayo Malindi wakiamini wamejikinga.

Bima ya safari husimama juu ya dhana kwamba mtu ana kwao pa kurudi. Kwa kawaida hati yake hutaka mwenye bima awe mkaazi wa nchi ilikotolewa, huhesabu siku za safari moja na kuziwekea kikomo, na mgonjwa akishatulia kiasi cha kuweza kusafiri, kampuni hupendelea kumrudisha kwao amalizie matibabu huko kwa gharama ya umma. Mtu aliyehama hana hapo pa kurudishwa. Kwa hiyo hospitali inapopiga simu kuomba barua ya dhamana ya malipo, maswali ya kwanza kutoka upande wa pili huwa hayahusu ugonjwa: aliondoka lini, tiketi ya kurudi ni ya tarehe gani, anwani yake ya nyumbani ni ipi. Mgonjwa mkweli atajibu kuwa nyumbani kwake ni Malindi, na kwa jibu hilo moja dai lake huwa limeanza kuanguka. Nimesikia watu wakiilaumu kampuni ya bima kwa ujanja, na wakati mwingine ujanja upo, lakini katika jambo hili hati huwa imesema mapema na kwa herufi zinazosomeka.

Cha kufurahisha ni kwamba sheria yetu wenyewe imeliweka jambo hili vizuri kuliko tulivyozoea kulisema. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inamtaka mgeni anayekuja Kenya kwa muda usiofika miezi 12 awe na bima ya safari, ilhali mgeni anayeishi nchini kwa zaidi ya miezi 12 hutazamwa kuwa mtu wa kusajiliwa katika mfuko wa umma. Mfuko huo, SHIF, unaosimamiwa na mamlaka iitwayo SHA, ulichukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, tarehe 1 Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, awe mpishi Mtaliano mwenye kibali cha kazi au mwalimu wa Ganda. Mstaafu mwenye kibali cha daraja K, ambacho hupewa mtu wa miaka 35 au zaidi anayethibitisha kipato cha dola 24,000 kwa mwaka, naye si mtalii, hata kama amezoea kuitwa hivyo ufukweni. Ni mgeni mkaazi, na hesabu zake za matibabu zinapaswa kupangwa hivyo.

Mfuko wa umma hulipa viwango vyake katika hospitali ulizoandikiana nazo mkataba, na anayetaka chumba cha peke yake Nairobi atahitaji bima ya afya ya binafsi, ya hapa nchini au ya kimataifa. Hiyo ya kimataifa huuliza mwombaji anaishi nchi gani, ana umri gani, ana maradhi gani tayari, na kama anataka kulipiwa hata akitibiwa Marekani, sharti ambalo hupandisha bei sana. Uanachama wa ndege za wagonjwa kama zile za AMREF nao ni kitu kingine tena: humtoa mgonjwa Malindi au uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, na kumfikisha Nairobi, na kazi yake huishia mlangoni pa hospitali. Kitanda kina bili yake.

Kwa hiyo, jamani, Mtaliano akifikishwa hospitali, habari za pasipoti waachiwe watu wa uhamiaji. La kumuuliza yeye, au mtunza nyumba aliyemleta, ni ameandikishwa wapi kuwa mkaazi, na je, hati yake ya bima inaitambua Kenya kuwa nchi anayoishi au nchi anayoitembelea tu. Na wanaopenda kusema kuwa kwao matibabu ni bure, waendelee kusema, ila waongeze kuwa ni bure kwa wanaoishi huko.