Turbo Haifi Peke Yake: Yanayosemwa Gereji za Malindi na Ukweli Wake

Ukiwa na gari unalojijengea pole pole, labda Subaru Forester ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa zaidi) uliyoinunua kwa bei ya skrepa au Land Cruiser kuukuu ya dizeli, ujue siku litakapokukatikia kati ya Gede na Malindi hutakosa madaktari. Bodaboda atasimama, tuktuk itasimama, na kila mmoja ana dawa yake. (Wa kisiwani Lamu wamesalimika: magari kwao ni ya kuhesabika, na punda hana turbo.) Baadhi ya dawa hizo ni za kweli. Nyingine ndizo zinazomfanya mtu anunue spea ileile mara mbili.

“Turbo imekufa, tafuta nyengine ufunge.”

Hii ndiyo dhana ya ghali kuliko zote. Mara nyingi turbo ndiyo maiti, si muuaji. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo hupita hata 200,000. Katika nyingi ya turbo hizi shafti hubebwa na utando mwembamba tu wa oili. Utando ule ukikatika kwa sekunde chache, beringi zinaungua, shafti inayumba, na mapanga yanaanza kukwaruza nyumba yake. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, uliza oili ilikatikia wapi.

Pengine kibomba kinachopeleka oili kimeziba kwa masizi. Pengine aliyefunga sampu, yaani karai la oili chini ya injini, alipaka silikoni nyingi, ikamenyeka kwa ndani na vipande vikasafiri na oili. Baadhi ya Subaru zina wavu mdogo wa kuchuja ndani ya boliti ya kibomba hicho, na wengi huendesha miaka bila kujua upo. Kisha kuna bomba la kurudisha oili, ambalo watu hulidharau kabisa. Hapo hakuna pampu. Oili hushuka kwa uzito wake. Likikunjwa au likiziba, oili inajaa ndani ya turbo na kutokea kwenye sili. Fundi akiona moshi wa buluu anasema sili zimekwisha. Hata ringi za pistoni zikichoka huleta balaa hilohilo, maana presha inayovujia chini ya injini huizuia oili isishuke.

Na ikivunjika, turbo haiondoki bila kuacha uchafu. Vipande vya mapanga hulala ndani ya kipoza hewa kilicho kati yake na injini, vikingoja kumezwa siku utakapokanyaga mafuta. Kifungue ukisafishe, au ukibadilishe kikiwa na vyuma. Filta kuukuu ya oili ikate uitazame kwa ndani. Ukiona chenga za chuma zinazometameta, huenda beringi za kranki, mhimili mkuu wa injini, nazo zimeliwa, na hapo kufunga turbo mpya ni kutwanga maji kwenye kinu.

“Shafti inacheza, basi imekwisha.”

Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo ya kubebwa na utando wa oili injini ikiwa imezimwa. Ogopa ikivutika kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa na mikwaruzo.

“Moshi wowote ni turbo.”

Wa buluu ni oili inayoungua, na yaweza kutoka kwenye ringi au sili za valvu. Mweusi kwenye dizeli, gari likiwa zito na kuna mlio wa kupuliza, mara nyingi ni hosi iliyochomoka. Kaza klipu kwanza. Ukiona mweupe usioisha, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

“Malindi kuna joto, weka oili nzito injini itulie.”

Injini inayogonga haitulizwi na oili nzito, inafichwa tu. Tena oili nzito huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi unapopiga stata. Fuata namba ya mtengenezaji. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima papo hapo. Usijiambie utafika Msabaha kwanza.

“Hewa ya chumvi ndiyo inayoua turbo huku pwani.”

Chumvi inakula bodi, mapezi ya rejeta, soketi za nyaya na boliti za bomba la moshi. Kwa turbo, mbaya zaidi ni vumbi. Vijana hung'oa boksi la filta ili wasikie turbo ikivuma, kisha wanaacha lami kuingia mashambani. Mchanga huyalia mapanga pole pole. Nisichokielewa ni mtu anayelaumu bahari huku rejeta yake ameijaza maji ya kisima chenye chumvi.

“Ongeza presha, injini ya Japani haivunjiki.”

Hewa ikizidi bila petroli kuongezwa na taimingi (wakati wa kupiga cheche) kurekebishwa, mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda. Injini za turbo za Subaru zinajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi. Nyingi ziliundwa kwa petroli ya okteni ya juu. Ukiitilia ya chini na presha juu yake, unajitafutia.

“Dizeli ikipaa, geuza ufunguo.”

Turbo ya dizeli ikimwaga oili upande wa hewa, injini huweza kuinywa oili yake yenyewe na kupanda mbio bila kukanyagwa. Ufunguo hukata dizeli tu, haukati oili. Kama gia ni za mkono, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, kisha achia klachi hadi injini ife. Kama ni otomatiki, inabidi mdomo wa hewa uzibwe kwa ubao mgumu, kamwe si kwa mkono. Ukishindwa, ondoka karibu nayo pamoja na watu wote.

“Injini ya mtumba kutoka Japani, funga tu uende.”

Pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, na ubadilishe mkanda wa taimingi ungali unafikika. Siku ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la turbo, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, kisha piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe fyuzi.