Galaksi hafifu si galaksi inayokufa

Wengi huamini kwamba galaksi inayoonekana kwa shida angani ni kuukuu, na kwamba nyota zake zinazimika bila nyingine kuzaliwa. Dhana hii inaeleweka, maana moto unaofifia huwa unaelekea kuzimika.

Lakini itazame M33, galaksi yenye mikono iliyojipinda katika kundinyota la Pembetatu, karibu miaka-nuru milioni 3 kutoka kwetu (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ni hafifu kwa sababu nuru yake imetawanyika kwenye eneo la anga pana kuliko mwezi mpevu, kama kijiko cha sukari ndani ya pipa la maji. Umbali nao huchangia. Ndani yake nyota zinazaliwa kwa wingi: wingu moja tu la gesi, NGC 604, lina upana wa takriban miaka-nuru 1,500, na limejaa nyota changa zenye joto kali.

Unaweza kupima mwenyewe kwa picha za rangi. Madoa ya waridi ni haidrojeni inayong'arishwa na nyota changa. Mikono ya buluu ni ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu: nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo zikiwapo, zimezaliwa karibuni.

Novemba na Desemba, mapema usiku, ukiwa Afrika Mashariki, elekeza darubini ya macho mawili kaskazini, kati ya makundinyota ya Andromeda na Hamali. Kaa mbali na taa za umeme, na uchague usiku usio na mbalamwezi.