Sukari imeshuka, mbona mishipa bado inadai?

Kliniki ya kisukari huwa naulizwa sana: "Daktari, sukari yangu siku hizi inasoma 6, mbona bado unanibana na dawa za presha na kolesteroli?" Jibu limo kwenye protini, hasa kwenye umri wake.

Sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye protini yenyewe tu, bila kimeng'enya. Mwanzoni inaweza kubanduka. Ikikaa wiki kadhaa hujigeuza, na mwisho huacha viungo ambavyo mwili hauwezi kuvifungua. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mmenyuko huu mwaka 1912. Ndio huohuo unaofanya andazi liwe la kahawia. Mwilini hakuna mafuta ya moto, kwa hiyo unakwenda polepole.

Kipimo cha HbA1c, kile cha miezi mitatu, hupima himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, iliyonatwa na sukari. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, zikifa zinaondoka na sukari yake. Ndiyo maana ukijirekebisha majibu hushuka upesi. Kolajeni, protini ya nyuzi inayoshikilia ukuta wa ateri, haina haraka hiyo, hukaa miaka. Nyuzi zake zikishaunganishwa na sukari, ukuta hukakamaa, haupanuki vizuri moyo unapopiga, na namba ya juu ya presha hupanda. Kolesteroli mbaya nayo hunaswa humohumo. Juu ya hayo, seli za utando wa ndani zina vipokezi vinavyozishika protini hizi zilizoharibika. Zikishikwa, chembe za kinga huitwa na kujipenyeza ukutani, huku nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa, ikipungua.

Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, kwa wenye kisukari aina ya kwanza, ulilinganisha kundi lililobanwa sukari sana na kundi la tiba ya kawaida, ukatoa matokeo mwaka 1993. Baadaye sukari za makundi yote mawili zilikaribiana. Hata hivyo, ripoti ya 2005 ilionyesha kuwa waliobanwa mapema walipata matatizo ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Kolajeni haielezi yote hayo, lakini kwa maoni yangu inaeleza sehemu kubwa.

Na hizo chupa za "kusafisha mishipa" mnazotumiwa WhatsApp? Aminoguanidini, dawa iliyozuia mnato huu vizuri kwa wanyama, ilijaribiwa kwa binadamu na haijawahi kufika famasi, basi chupa hizo msizitegemee. Kwa hiyo aliyegundulika juzi nambana sukari tangu mwezi wa kwanza. Mwenye miaka kumi na kisukari, hata sukari ikisoma 6, namwandikia pia kipimo cha protini kwenye mkojo, na vya macho na miguu.