Injini moja, difu tofauti: kwa nini lori moja hunywa mazutu kuliko jingine?

Kusini mwa Kongo, kwenye barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi hadi Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, malori hufuatana mchana kutwa. Yanayotoka yamebeba shaba na kobalti kwenda bandari za Durban au Dar es Salaam. Yanayoingia yanaletea migodi salfa, chokaa na mafuta. Chukua mawili ya aina moja, injini ileile, mzigo uleule. Moja linapanda kilima bila kulalamika, lakini tangi linakauka mapema. Jingine linakula tambarare polepole na mazutu kidogo, ila kikija kilima shofa anapambana na gia. Fungua kabini uangalie injini, hutaona tofauti. Lala chini ya lori, utazame lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, yaani difu, ambalo mafundi wa Lubumbashi huliita ponti: jibu limo humo.

Ndani yake mna gia mbili. Pinioni, ile ndogo, inazungushwa na propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi. Nayo inaisukuma krauni, gia kubwa inayozungusha magurudumu. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, umepata uwiano wa difu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya 11 ni 3.73, yaani propela inazunguka karibu mara tatu na robo tatu ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Hesabu hizi huachwa na mabaki kwa makusudi. Zingekuwa 40 na 10, kila jino la pinioni lingegongana na meno manne yaleyale maisha yake yote, na jino moja lenye kasoro lingeyatafuna hayo tu. Kwa 41 na 11, kila jino hukutana na kila jino, zinalika sawasawa.

Namba ikiwa kubwa, difu ni fupi: inavuta zaidi. Toka 3.08 uende 3.70, na msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 20 katika gia ileile. Lakini difu haitengenezi nguvu. Nguvu za farasi za injini ni zilezile. Ulichofanya ni kubadilisha kasi kwa msukumo. Waendesha baiskeli wanaoleta makala mjini wanaijua bei hiyo kwa miguu yao: mnyororo wenye uwiano mmoja tu unatosha tambarare, ila kwenye mwinuko wanashuka na kusukuma.

Sasa tuingie kwenye mafuta. Tairi la 315/80R22.5, linaloonekana sana kwenye malori makubwa, huzunguka takriban mara 305 kwa kilomita moja. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ni karibu mara 407 kwa dakika. Giaboksi ikiwa kwenye gia ya juu inayopitisha mzunguko bila kuubadilisha, difu ya 3.08 inaiweka injini kwenye mizunguko 1,250 hivi kwa dakika, ya 3.70 kwenye 1,500, ya 4.11 kwenye 1,670. Lori halijafika mapema hata dakika moja, ila injini imezunguka zaidi, na kila mzunguko una msuguano wa pistoni na pampu za kuendesha. Injini kubwa za dizeli za siku hizi huvuta vizuri kati ya mizunguko 1,000 na 1,400, ndiyo maana malori ya barabara kuu za Ulaya na Marekani hupewa difu za 2.64 na hata chini ya hapo.

Hapo ndipo mnunuzi wa lori lililotumika hujiingiza shimoni. Difu ndefu, yaani yenye namba ndogo, huokoa mafuta ukiwa kwenye gia ya juu, basi. Barabara ya vumbi ya mgodini, foleni ya mpakani, kuanza kuondoka kwenye mwinuko na tani 56: gia ya juu haiguswi, na klachi ndiyo inayoungua. Lipeleke lori kama hilo kwenye kona za mlimani za Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ukaone. Malori ya kumwaga udongo migodini mara nyingi yana uwiano wa 5 na zaidi, na mengi hupunguza mzunguko mara ya pili ndani ya kitovu cha gurudumu. Kwa mtu wa Kolwezi hadi Durban mimi ningechagua ya katikati, na ningemwambia shofa apunguze kasi. Upepo haujali difu: kasi ikizidi mara mbili, upinzani wake huzidi mara nne.

Kujua unayo ipi, futa tope kwenye ponti utafute kibati chenye idadi ya meno. Kimepotea? Kwenye pikapu, weka kabari magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili juu ya stendi imara, toa gia. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mara moja, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela: hiyo ndiyo namba ya difu yako.

Kwa lori lenye ekseli mbili za kuvuta, usikubali difu ya kuokoteza kwenye lori bovu kabla ya kuhesabu meno. Zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja. Ya mbele ikiwa 3.70 na ya nyuma 3.08, tairi zinakwenda kasi moja lakini propela zao haziwezi, kwa hiyo difu ndogo inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo itazunguka bila kupumzika hadi oili ichemke. Na shofa akiwasha loki inayoifunga difu hiyo ndogo, akiwa kwenye lami, kuna kitakachokatika.